Kuosha injini ya lori la zamani kwa mashine ya presha: maji yanaharibu nini, na yaoshwe vipi

Lori linaingia Lusu jioni, limetoka kuzunguka vijijini kukusanya pamba. Dereva anaegesha, anainamisha kabini mbele, na injini haionekani. Kinachoonekana ni tope kavu lililokandwa na oili, nyuzi za pamba zilizonasa kwenye mabomba, na vumbi la kiangazi lililogeuka kuwa ganda. Kesho tajiri anataka kulikagua gari lake. Jirani hapo kuna kijana anaosha pikipiki na magari kwa mashine ya presha, bei yake si kubwa, na baada ya dakika kumi injini inang'aa kama imetoka dukani.

Siku tatu baadaye lori hilo limesimama porini, njia ya Tabora. Dereva akizungusha ufunguo, stata inagonga mara moja tu, kimya. Au inawaka vizuri lakini taa ya chaji haizimi. Fundi umeme anaitwa, anafungua altaneta, anakuta kutu na ute wa sabuni ndani. Dereva anaapa kwamba gari halikuwa na tatizo lolote. Ile siku ya kuosha haikumbuki, kwa sababu tangu siku hiyo gari limekwenda safari mbili bila kusumbua.

Makala hii inaeleza kinachotokea katikati ya siku hizo mbili. Pia inaeleza namna ya kuosha injini ya gari kuukuu bila kuliharibu gari, na bila kumuumiza anayeosha.

Kwanza tuseme wazi kwamba injini chafu ni hatari yenyewe. Wanaobeba pamba wanalijua hili kuliko wengine. Nyuzi za pamba zikilowa oili zinakuwa utambi, na bomba la moshi la lori linalopanda na mzigo hufikia joto la mamia ya nyuzi za Selsiasi. Ongeza waya mmoja uliochubuka unaotoa cheche, na moto umepata kila kitu unachohitaji. Uchafu unaoziba rejeta nao huchemsha injini. Na fundi hawezi kujua oili inavujia wapi ikiwa kila mahali pamelowa. Kwa hiyo kuosha ni jambo la lazima. Shida iko kwenye namna tunavyoosha.

Kuna usemi unaozunguka kwenye gereji zetu: gari la zamani halina kompyuta, lipige maji tu. Usemi huu una nusu ya ukweli, na ndiyo maana umeishi muda mrefu. Injini ya dizeli ya kizamani haina plagi za kutoa cheche wala sensa nyingi. Pampu yake inaendeshwa kwa gia, na ikishawaka inaweza kuendelea kuunguruma hata umeme wa gari ukiwa na hitilafu. Mwenye Fuso au Isuzu ya miaka ya 1980 au 1990 ana haki ya kujivunia hilo.

Nusu ya pili ndiyo inayogharimu. Waya wa gari lililotoka kiwandani juzi umefunikwa na plastiki laini, na soketi zake zina mipira ya kuzuia maji. Waya wa gari lenye miaka thelathini umekaushwa na joto mpaka plastiki yake inapasuka ukiukunja. Mipira ya soketi imeshapotea. Mafundi kadhaa wameshakata na kuunga, na juu ya kila kiungo kuna gundi ya utepe mweusi inayobanduka. Kifuniko cha fyuzi kilivunjika zamani na hakikurudishwa. Gari la namna hii ndilo linaloogopa maji zaidi, ingawa halina kompyuta hata moja.

Sasa tazama nguvu ya mashine yenyewe. Bomba la kawaida la nyumbani linatoa maji kwa msukumo wa takribani bar tatu au nne. Mashine ndogo ya presha inayotumia umeme hutoa zaidi ya bar 100, na zile zinazotumia petroli hufika 150 au 200. Mvua haipigi hivyo, na hata gari likivuka mto maji hayapigi hivyo. Mipira inayozuia oili isitoke kwenye shafti ilitengenezwa kuzuia oili inayotoka ndani kwa msukumo mdogo. Haikutengenezwa kuzuia maji yanayotoka nje kwa bar 100.

Maji yakipenya kwenye altaneta yanaosha grisi ya beringi na kuacha sabuni kwenye brashi za kaboni. Siku hiyo hiyo hakuna kinachotokea. Kutu inahitaji siku mbili tatu, na beringi isiyo na grisi inahitaji kilomita mia kadhaa ndipo ianze kulia. Stata nayo imekaa chini ya injini, maji yote yanashukia kwake, na sehemu yake ya sumaku ikishika kutu inagoma. Ndiyo maana gari linakufa mbali na mahali lilipooshwa, na lawama inamwangukia fundi wa mwisho aliyeligusa.

Madhara mengine hayasubiri. La kwanza ni maji kuingia kwenye njia ya hewa. Pistoni inaweza kuibana hewa, lakini maji hayabaniki. Yakijaa kiasi cha kutosha juu ya pistoni halafu mtu akapiga stata, mkono wa pistoni unapinda. La pili ni joto. Injini iliyotoka safari ina maji ya rejeta yenye nyuzi 80 hadi 95, na bomba la moshi lina joto kali zaidi. Ukimwagia maji ya kisima ghafla, chuma cha kuyeyushwa kinaweza kupasuka. La tatu linahusu pampu ya dizeli. Ganda lake likipozwa ghafla linasinyaa wakati sehemu za ndani bado zimetanuka kwa joto, na nafasi kati yao ni ndogo kuliko unywele. Pampu inaweza kukwama papo hapo, hasa ikimwagiwa maji injini ikiwa inaunguruma. Bei ya kuitengeneza mwenye lori anaijua.

Basi ioshwe vipi? Uvumilivu ni nusu ya kazi. Zima injini na uiache ipoe, saa moja au zaidi, mpaka uweze kuweka kiganja juu yake na kukiacha hapo bila kukiondoa. Wakati unasubiri, fanya kazi kavu: kwangua ganda la tope kwa kipande cha mti, na toa nyuzi za pamba kwa mkono na brashi. Utashangaa kiasi cha uchafu kinachotoka kabla ya tone la maji. Kila kilo inayotoka ikiwa kavu ni kilo ambayo hutahitaji kuipiga kwa presha.

Kwa lori la kuinamisha kabini, weka mawe au kabari kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, na uhakikishe mhimili wa kushikilia kabini umekaa na pini yake imefungwa. Usiingie chini ya kabini inayoshikiliwa na hidroliki peke yake. (Na toa chupa ya chai na vikombe kwanza, maana vikianguka vinatua kwenye kioo cha mbele. Taniboi wengi wamejifunza hivyo.)

Fungua waya wa hasi wa betri. Kisha funika kwa mifuko ya plastiki na uifunge kwa kamba au mpira wa baiskeli: altaneta, mdomo wa kuingizia hewa na kichungi chake, sanduku la fyuzi na relei, na viungo vya waya vilivyofungwa utepe. Hakikisha kifuniko cha oili, kijiti cha kupimia oili na kifuniko cha dizeli vimekaa sawasawa. Angalia pia tundu la kupumulia la injini. Mara nyingi linasahaulika, na ni njia ya moja kwa moja kwenda kwenye oili.

Paka maji ya sabuni, acha dakika tano hadi kumi bila kukaukia, kisha sugua kwa brashi. Sabuni ya kawaida ya unga inatosha kwa sehemu kubwa. Wapo wanaotumia kostiki kwa sababu inakata grisi haraka, lakini kostiki inakula alumini, na kwenye injini yako alumini ipo: ganda la altaneta, mara nyingi na la pampu. Petroli usiiguse kabisa. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, na unawaka hata siku ya baridi. Cheche ya betri au sigara ya mtu aliyesimama mbali kidogo inatosha.

Baada ya hapo ndipo mashine iingie, na kazi yake ni kusuuza tu. Kama mashine ina nozeli za rangi, chukua nyeupe, inayotawanya maji kwa nyuzi 40. Nyekundu, inayotoa mshale mmoja wa maji, iweke mbali kabisa na injini. Simama hatua moja nyuma, usikaribie chini ya nusu mita, na usitulize maji mahali pamoja. Usielekeze kwenye rejeta kwa upande, mapezi yake yatalala. Yapige kwa unyoofu na kwa msukumo mdogo. Kwenye altaneta, stata, pampu na soketi, tumia kitambaa chenye unyevu na brashi ndogo. Na kama huna uhakika na mashine au na aliyeishika, ndoo na bomba la kawaida vitafanya kazi hiyo hiyo kwa muda mrefu kidogo.

Sasa tuzungumzie mwili wa mwoshaji, kwa sababu lori lina spea lakini kidole hakina. Maji ya bar 100 na zaidi yanaweza kutoboa ngozi kwa karibu, hata kupita glavu. Jeraha linaonekana kama tundu la sindano, damu kidogo, maumivu madogo mwanzoni. Ndani, maji, sabuni na oili vimesafiri chini ya ngozi kufuata mishipa ya kidole. Mtu analala nalo, kesho mkono umevimba, na madaktari wanaweza kulazimika kukata. Jeraha la namna hii ni dharura ya saa hiyo hiyo: nenda hospitali na mwambie mganga kwamba ni maji ya presha, la sivyo ataona kidonda kidogo na kukupa plasta. Usijaribu nozeli kwa kiganja, na usichezeane nayo. Vaa miwani na viatu vilivyofunika miguu, maana ndala haizuii kitu. Mashine ya umeme iwe na waya wa ardhi, na viungo vya waya visilale kwenye maji.

Ukimaliza, ondoa mifuko, kausha kwa vitambaa, na kama kuna kompresa puliza hewa kwenye soketi. Jua la Nzega litafanya kazi yake ikiwa utaliachia saa mbili tatu kabini ikiwa imeinamishwa. Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani visafishwe kwa maji yenye magadi kidogo, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, kisha vipakwe grisi. Rudisha waya wa hasi, washa, na uiache injini iungurume mpaka ipate moto. Hapo ndipo utapata faida halisi ya kazi yote: tochi mkononi, tafuta tone jipya la oili au dizeli. Kwenye chuma safi linaonekana mara moja. Kwa sababu hiyo hiyo usioshe usiku wa kuamkia safari ndefu. Osha siku moja au mbili kabla, uzungushe gari karibu na nyumbani, na kama kuna kitakachogoma kigomee hapo.

Bado kuna maji machafu yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, na mahali pa kuoshea malori panaingia humo bila ubishi. Watu wa Lusu wameishi na malori makubwa tangu mgodi wa Golden Pride ulipoanza kuchimba dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1990, na migodi mikubwa huoshea magari juu ya sakafu ya zege yenye mtego wa oili. Mtego huo hauhitaji utajiri wa mgodi. Maji yaingie kwenye shimo lililojengwa, na bomba la kutolea lianzie karibu na chini. Oili inaelea juu na kubaki, maji yanatoka chini yake. Oili ichotwe kwa kopo kila baada ya siku chache na iwekwe kwenye dumu lenye kifuniko. Tope la chini lichotwe pia, vinginevyo baada ya mwezi bomba litaziba na oili itaelekea kisimani.