Suruali ya Mvua: Usipande Ngorongoro na Jinsi!

Shule yenu imepanga safari. Mtalala Karatu, halafu kesho yake mtapanda Ngorongoro mkatembee kwa miguu kwenye kreta ya Olmoti au Empakaai. Kila mtu anawaza atavaa nini atoke bomba kwenye picha. Jinsi mpya, raba nyeupe, miwani. Sawa, kupendeza si dhambi. Lakini je, umefikiria mvua ikikukuta huko juu, saa mbili kutoka kwenye gari?

Wengi wetu tukisikia mvua tunakumbuka koti tu. Miguu tunaisahau. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Kwa nini huko juu kuna baridi?

Mji wa Karatu uko kwenye mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko kwenye mita kama 2,300, na ukingo wa Olmoti na Empakaai una sehemu zinazofika mita 3,000 na zaidi. Kwa kawaida, ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi kama 6. Kwa hiyo unaweza kuondoka Karatu umevaa fulana, ukafika juu ukakuta meno yanagongana.

Halafu kuna mawingu. Upepo unaotoka upande wa Bahari ya Hindi unabeba unyevu, ukigonga milima hii unapanda, unapoa na kugeuka ukungu na mvua. Ndiyo maana msitu wa upande wa mashariki ni wa kijani mwaka mzima, wakati Serengeti, upande wa pili, ni pakavu. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei, na nyingine huja Novemba na Desemba. Lakini hata Juni hadi Agosti, wakati mvua ni chache, ukungu wa asubuhi unalowesha majani yote. Ukipita kwenye nyasi ndefu, suruali inalowa mpaka mapajani bila tone moja kudondoka kutoka juu!

Miguu ina siri gani?

Kwanza, maji yote yanayoteleza kwenye koti lako yanaishia wapi? Kwenye mapaja. Pili, mapaja yana misuli mikubwa kuliko sehemu nyingi za mwili, na damu nyingi inapita hapo unapotembea. Yakipoa, damu inayorudi kifuani inarudi imepoa. Tatu, maji yananyang'anya mwili joto haraka sana kuliko hewa kavu, kama mara 25 hivi. Ongeza upepo, umekwisha.

Jinsi ndiyo mbaya zaidi. Ni pamba nzito. Ikilowa inakunywa maji, inakuwa nzito, inang'ang'ania ngozi na haikauki siku nzima. Suruali ya shule ya kitambaa chepesi chenye nailoni ni afadhali mara mia.

Baridi inaweza kuua

Hili si la kutishana. Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, hiyo ni hali ya hatari inayoitwa haipothemia. Wala haihitaji theluji. Nyuzi 10, mvua na upepo vinatosha kabisa, hasa ukiwa umechoka na huna kitu tumboni.

Mtazame mwenzako. Dalili ni hizi:
- Anatetemeka sana, hawezi kufunga zipu wala kamba za viatu.
- Anajikwaa, anabaki nyuma, hataki kuongea.
- Maneno yanamtoka kama mlevi, anachanganyikiwa.
- Anaacha kutetemeka ingawa bado ni wa baridi. Usifurahi! Hii ni mbaya kuliko zote.

Wavulana, hapa tusikilizane. Kuna ile tabia ya "mwanaume hatetemeki". Acheni hizo. Kutetemeka ni mwili unajitengenezea joto, si woga. Anayesema mapema "jamani, nasikia baridi" anawaokoa wote, kwa sababu asiposema, baadaye mtambeba.

Sasa, uchague suruali gani?

Si lazima uwe tajiri. Kuna aina tatu utakazokutana nazo.

1. Ya mpira au plastiki nzito. Hii ndiyo wanayovaa madereva wa bodaboda, inauzwa pamoja na koti lake. Haipitishi maji hata kidogo na bei yake ni nafuu. Ubaya wake, haipitishi jasho pia. Ukipanda mlima mbio utalowa kwa ndani, na jasho nalo ni maji. Ukiwa nayo, tembea pole pole na uivae mvua ikianza tu.

2. Ya nailoni iliyopakwa dawa ya kuzuia maji kwa ndani. Ni nyepesi, inakunjika ikaingia mfukoni. Inafaa sana kwa safari ya siku moja. Lakini miiba inaichana upesi.

3. Ya kitambaa chenye utando unaopumua. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore aligundua namna ya kuvuta plastiki fulani mpaka ikawa na vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, lakini mvuke wa jasho unapita. Mpya ni ghali kweli. Ila kwenye mitumba, Karatu au Arusha, ukichambua kwa subira unaweza kuipata kwa bei ya suruali ya kawaida.

Jinsi ya kuipima kabla hujalipa

- Igeuze ndani nje. Kama utando unabanduka kama ngozi iliyoungua jua, iache. Hiyo imekufa.
- Tazama mishono. Nzuri ina utepe uliobandikwa juu ya mshono kwa ndani. Bila utepe, maji yatapita kwenye matundu ya sindano.
- Weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita kirahisi, mvua nayo itapita na upepo.
- Mwombe muuzaji maji kidogo, mwagia tone. Likikaa kama shanga, safi. Likienea, kitambaa cha juu kitalowa na kuwa kizito, ingawa utando wa ndani huenda bado ni mzima.
- Ivae juu ya suruali uliyonayo, chuchumaa, kisha inua goti mpaka kiunoni. Ikibana, tafuta kubwa zaidi.
- Angalia zipu ya pembeni mguuni. Ikiwa ndefu, utaivaa bila kuvua viatu kwenye matope.

Na ukivaa gambuti, suruali ikae nje ya gambuti, si ndani. Ukiichomeka ndani, umetengeneza mfereji wa kujaza viatu maji.

Maswali yenu

Swali: Sina hela kabisa. Nifanyeje?
Jibu: Nunua nailoni nzito ile ya kupimwa kwa mita, jifunge kiunoni kama khanga mpaka chini ya magoti. Si fasheni, lakini mapaja yatabaki makavu na hewa inapita kwa chini. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Swali: Mimi ni msichana, nimezoea sketi. Je?
Jibu: Dada, vaa taiti au suruali nyepesi, halafu suruali ya mvua juu yake. Sketi unaweza kuipandisha na kuifunga kiunoni, au kuiweka kwenye begi. Sketi ndefu iliyolowa inakamata miguu kwenye mteremko na inaweza kukuangusha.

Swali: Ndani nivae nini?
Jibu: Sufu au nailoni, si pamba. Sufu hata ikilowa bado inatunza joto kiasi. Beba pia soksi na suruali kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Mwenzako akizidiwa

Mtoeni kwenye upepo. Mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mfunikeni kichwa na kifua kwanza. Mwekeeni kitu chini, asilale kwenye udongo. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe (inapanua mishipa ya ngozi na kupoteza joto), wala msimsogeze karibu kabisa na moto. Mwambieni mwalimu na askari wa hifadhi mnayetembea naye, afikishwe kituo cha afya haraka.

Jadilini darasani

1. Kwenye safari yenu, nani atakuwa na jukumu la kuangalia wanaobaki nyuma?
2. Je, darasa linaweza kuchanga na kununua suruali chache za mvua zitumike kila mwaka?
3. Mkiona mvua imekaza na wenzenu wawili hawana kinga, mtaendelea au mtageuza?

Swali la tatu lijibiwe kabla hamjapanda gari. Kule juu, mkiwa mmelowa, kila mtu atataka aonekane jasiri. Kreta itakuwepo hata mwakani.