Mboji Dodoma: Hesabu ianzie kwenye shimo

WAPO wakazi wa Chang'ombe, jijini Dodoma, wanaolala mjini lakini chakula chao cha mwaka hutoka shambani, nje ya mji. Nyumbani kuna maganda, majivu na samadi ya kuku. Shambani kuna udongo uliochoka. Vitu hivi viwili havikutani, na hasara yake huonekana wakati wa mavuno.

Taka zinazidi kuongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 mjini Dodoma. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Watu hao wanakula mchicha, nyanya na ugali, na mabaki yake mengi huishia jalalani badala ya kurudi kwenye ardhi.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki sana zaidi ya milimita 600. Udongo usio na mboji hupigwa na matone makubwa, ukajifunga juu, na maji yakakimbilia korongoni. Mkulima hulalamika kwamba mvua haikutosha, kumbe sehemu yake ilipita tu shambani kwake.

Somo hili si geni mkoani hapa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, wakaleta matrekta na mamilioni ya fedha. Ukame, na udongo uliokuwa mgumu kama saruji baada ya kukauka, viliwashinda, na mwaka 1951 mpango huo ukaachwa. Fedha na mashine havikutosha pale ambapo udongo na mvua havikupewa uzito wake.

Mboji si urea

Mkulima asidanganywe kwamba mboji ni mbadala wa mbolea ya dukani kilo kwa kilo. Mfuko wa kilo 50 wa urea una asilimia 46 ya naitrojeni, yaani kilo 23. Mboji yenye asilimia 1 ya naitrojeni inatoa kilo 10 tu kwa tani nzima, tena polepole, kwa zaidi ya msimu mmoja.

Faida kubwa ya mboji iko kwingine. Inashika maji, inalegeza udongo, inalisha viumbe wadogo wa ardhini, na inasaidia mbolea ya dukani isipotee. Mwenye uwezo wa kununua mbolea kidogo hupata zaidi akichanganya vyote viwili.

Shimo la Chololo

Kumwaga mboji shamba zima ni gharama. Njia nafuu imetoka hapahapa Dodoma, katika kijiji cha Chololo. Mkulima huchimba mashimo yenye upana wa sentimita 22 na kina cha sentimita 30, yakiachana sentimita 60 ndani ya mstari na sentimita 90 kati ya mistari. Hutia samadi, mabaki ya mazao na majivu kidogo ya kusaidia kufukuza mchwa, kisha hupanda mtama, uwele au mahindi. Maji hutuama kwenye shimo badala ya kukimbia.

Kwa vipimo hivyo, ekari moja ina mashimo yapatayo 7,500. Kila shimo likipata robo kilo ya mboji, zinahitajika kilo 1,875, sawa na mifuko 38 ya kilo 50. Hapo mkulima ajumlishe bei ya samadi, mkokoteni, maji na vibarua, ajue mfuko mmoja wa mboji umemgharimu shilingi ngapi, kisha azidishe kwa 38. Jumla ikimtisha, aanze na robo ekari: mashimo 1,875 na mifuko isiyofika 10. Kazi ya kuchimba ifanyike kiangazi, na mashimo hayo yanaweza kutumika tena msimu unaofuata.

Kutengeneza mboji

Kwa kuwa Dodoma ni kavu, shimo linafaa kuliko rundo la juu, maana unyevu haupotei haraka. Panga tabaka la mabua yaliyokatwakatwa au maganda ya karanga, kisha majani mabichi na mabaki ya jikoni, kisha samadi na udongo kidogo. Mwagia maji kila tabaka. Plastiki, betri na chupa zitolewe mapema.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku chache kikitoka cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikitoa harufu mbaya, pindua upate hewa. Joto linalozidi nyuzi 55 huua vimelea vingi na mbegu za magugu, kwa hiyo pindua mara kadhaa ili vilivyo pembeni viingie katikati. Mboji iliyoiva ni nyeusi, imepoa na inanukia udongo wa mvua.

Chai ya mboji

Jaza mboji iliyoiva kwenye kiroba, kitumbukize ndani ya pipa la maji na koroga kila siku kwa wiki moja au mbili. Punguza kwa maji mpaka rangi ifanane na chai nyepesi, kisha mwagilia kwenye shina la mboga.

Chai hii ni nyongeza kwa bustani, haijazi nafasi ya mboji yenyewe. Madai kwamba inatibu kila ugonjwa hayajathibitishwa. Majaribio ya kitaalamu yametoa majibu yanayotofautiana. Aidha, isinyunyiziwe kwenye majani ya mboga za kuliwa mbichi, hasa ikitokana na samadi ambayo haikupata joto, kwa sababu inaweza kubeba bakteria wa kuharisha.

Kwa mfanyabiashara mdogo, mboji iliyochekechwa inaweza kuuzwa kwa wenye vitalu vya miche na bustani. Ila mteja anayekuta vipande vya plastiki na chupa ndani ya mfuko harudi tena.

Kwa mkulima, muda wa kuanza ni mara baada ya mavuno, wakati mabua bado yapo shambani. Anayeyachoma moto mwezi Septemba anaunguza mboji ya Desemba.