JE, PROGRAMU HII NI SALAMA AU NI KIRUSI?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, wengi wenu mnatumia kompyuta shuleni, nyumbani au kwenye steshenari za Musoma na Bunda mnakopeleka flashi kuchapisha kazi zenu. Mashine ikianza kuwa nzito, husikika kauli mbili. Mmoja husema, "Hicho ni kirusi, kifute!" Mwingine hujibu, "Iache, hilo ni jina la Windows." Wote wawili wamehukumu kabla ya kuchunguza.

Kompyuta ya Windows ikiwaka, programu nyingi hufanya kazi chinichini bila kuonekana. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager. Kwenye ukurasa wa "Details" utaziona kwa majina. lsass.exe huhakiki neno la siri unapoingia. explorer.exe huonesha folda zako. svchost.exe hubeba huduma mbalimbali za Windows, na katika Windows 10 na 11 ni kawaida kuzikuta makumi. Wingi wake usikutishe.

Tatizo ni kwamba mtu yeyote anaweza kulipa faili lake jina lolote. Mwaka 2005 kilizuka kirusi cha Brontok kutoka Indonesia. Kilijificha kwa majina ya winlogon.exe, services.exe na lsass.exe, ambayo yote ni majina ya programu halali za Windows. Alama yake nayo ilifanana na ya folda, hivyo watu walikifungua wenyewe kwa mikono yao.

Jambo hili si geni kwa anayesoma elimu ya hadithi. Wapokezi wengi walishirikiana majina, na mmoja akiwa mkweli, wa jina lake huenda asiwe hivyo. Ndiyo maana Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), aliandika kitabu kizima, Al-Muttafiq wal-Muftariq, kuwatofautisha wenye majina yaliyo sawa. Kabla yake Ad-Daraqutni, aliyefariki mwaka 385 Hijria (995), aliandika juu ya majina yanayofanana kwa maandishi lakini si mamoja. Kwenye kompyuta mfano wake ni scvhost.exe, ambapo herufi zimegeuzwa, au svch0st.exe, yenye sifuri mahali pa herufi o. Basi yasome majina herufi kwa herufi, kisha fuata hatua hizi.

1. TAZAMA INAKOKAA. Bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua "Open file location". svchost.exe na lsass.exe makazi yao ni C:\Windows\System32, na svchost.exe huweza pia kuwa SysWOW64. explorer.exe hukaa C:\Windows. Ukikuta lsass.exe ndani ya folda ya mtumiaji au kwenye flashi, hiyo ni dalili kubwa ya ubaya. Brontok ilijulikana kwa njia hiyo, kwani ilikaa kwenye folda ya mtumiaji.

2. TAZAMA SAHIHI YAKE. Fungua "Properties", kisha "Digital Signatures", uone imetiwa sahihi na kampuni gani. Lakini kukosekana kwa ukurasa huo peke yake si ushahidi, kwa sababu baadhi ya mafaili halali hayaoneshi sahihi hapo. Wala kuwepo kwa sahihi hakumalizi shaka yote. Mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kilikutwa na sahihi zilizoibwa za makampuni ya Realtek na JMicron.

3. TAZAMA MWENENDO WAKE. Mwaka 2008 kirusi cha Conficker kiliingia ndani ya svchost.exe halali kabisa, kikazuia kompyuta kufungua tovuti za antivairasi. Basi jiulize: je, antivairasi imezimwa bila wewe kuizima? Task Manager inakataa kufunguka? Bando linaisha ilhali hutumii intaneti? Uzito wa mashine peke yake hautoshi, kwani Windows inapojisasisha nayo huwa nzito.

4. ULIZA WENYE UJUZI. Tovuti ya VirusTotal, iliyochukuliwa na Google mwaka 2012, hupima faili moja kwa antivairasi nyingi kwa pamoja. Moja ikilalamika na nyingine zote zikanyamaza, huenda imekosea. Zikilalamika nyingi, jihadhari. Lakini usipeleke huko mafaili ya matokeo ya mitihani au siri za watu. Yanayopelekwa huko hufikia mikono mingine, na amana hailindwi hivyo.

Mfano wake ni kama pale stendi ya Bweri. Anayejiita kondakta wa basi la Bunda humpi nauli kwa jina hilo tu. Unatazama kama yuko mlangoni mwa basi lenyewe, kama tiketi yake ni ya kampuni hiyo, na anafanya nini na mizigo ya watu.

Dalili zikikusanyika, ondoa kompyuta kwenye intaneti, usichomeke flashi nyingine, pima kwa antivairasi, na mwite fundi. Usizime programu ovyo. Ukilazimisha kuzima csrss.exe halali, mashine nzima itasimama na kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea.

Mwisho, nawausia jambo lililo zito kuliko kompyuta. Flashi moja hupita mikono mingi kati ya Musoma, Bunda na Butiama, na aliyeichomeka mwisho huenda hajui kilichomo. Mkikuta kirusi, msimtaje mwenzenu kuwa ndiye aliyekileta. Faili lililofutika huweza kuandikwa upya, lakini kijana aliyeitwa mharibifu mbele ya darasa hubaki na jina hilo. Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na aya ya 12 imetuonya juu ya dhana. Ikiwa programu tunaichunguza hatua nne kabla ya kuihukumu, ndugu yako Muislamu anastahiki zaidi ya hapo.

Wabillahi tawfiq.