Waliopoteza watoto watano: Imani iliwashika, maneno ya watu yaliwaumiza

Katika misiba mingi ya Wakristo nchini, wakati wa kuaga mwili, kwaya huimba "Ni Salama Rohoni Mwangu", wimbo uliomo kwenye kitabu cha Tenzi za Rohoni. Wengi wameukariri tangu utotoni. Wachache wanajua kwamba aliyeutunga alikuwa baba aliyepoteza watoto wanne kwa siku moja.

Horatio Spafford alikuwa mwanasheria na mzee wa kanisa mjini Chicago, Marekani. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo na kumtia hasara kubwa. Miaka miwili baadaye alipanga kwenda Ulaya na familia yake, lakini shughuli zikamzuia. Mkewe, Anna, akatangulia na mabinti wao wanne. Mkubwa alikuwa na miaka 11, mdogo miwili.

Novemba 22, 1873, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli yao, Ville du Havre, iligongana na meli nyingine na kuzama kwa takribani dakika 12. Watu 226 walikufa. Anna aliokolewa akiwa hana fahamu, akielea juu ya ubao. Mabinti wote wanne walikufa maji. Alipofika nchi kavu alimtumia mumewe telegramu kumjulisha kwamba amepona yeye peke yake.

Horatio alipanda meli kumfuata mkewe. Inasimuliwa kwamba alionyeshwa njiani mahali meli ilipozama, na kwamba maneno ya wimbo ule yalizaliwa katika safari hiyo.

Adhabu ya nani?

Simulizi hii mara nyingi huishia hapo, kana kwamba wimbo ulimaliza maumivu. Sivyo ilivyokuwa. Wawili hao walijaliwa watoto wengine, akiwamo mtoto wa kiume. Mwaka 1880 naye alifariki akiwa na miaka minne, kwa homa inayoambatana na vidonda vya koo na vipele, ambayo siku hizi hutibiwa kwa antibayotiki.

Baadhi ya waumini wenzao walianza kujiuliza ni dhambi gani familia hiyo imefanya hadi Mungu awaadhibu hivyo. Wenzi hao waliliacha kanisa lao, lakini hawakuiacha imani.

Wazazi wengi wa hapa kwetu wanayafahamu maneno hayo. Mama aliyejifungua mtoto mfu huulizwa alikula nini au amemkosea nani. Mwingine huambiwa, "Usilie, bado kijana, utapata mwingine." Anayesema hivyo huenda ana nia njema, lakini mama anabaki na majeraha mawili: kufiwa na kulaumiwa.

Biblia yenyewe haiungi mkono lawama hizo. Katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu akajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Sura ya 11 inaeleza kwamba Yesu alilia kwenye msiba wa rafiki yake Lazaro, ingawa alikuwa anakwenda kumfufua. Kulia, basi, si upungufu wa imani.

Marafiki wa Ayubu nao waliketi naye chini siku saba bila kusema neno, wakiona jinsi alivyoumia. Walianza kukosea walipofungua midomo kumweleza sababu ya mateso yake.

Maumivu yaliyozaa huduma

Mwaka 1881 Horatio na Anna walihamia Jerusalem na binti zao wawili, pamoja na marafiki. Walihudumia majirani bila kuuliza dini zao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kundi lao lilipika chakula kwa wenye njaa na kuuguza majeruhi.

Siku moja kabla ya Krismasi mwaka 1925, binti yao Bertha alikutana njiani na mwanamume aliyekuwa akimpeleka hospitali mkewe mgonjwa, wakiwa na mtoto mchanga. Bertha alisaidia mama huyo apokewe, lakini usiku ule akafariki. Baba akarudi kwa Bertha na kumwomba amlelee mtoto. Ndivyo ilivyoanza nyumba ya kulelea watoto wachanga iliyopewa jina la Anna. Leo inaitwa Spafford Children's Center, na bado inawahudumia watoto wa Jerusalem, pamoja na msaada wa kisaikolojia.

Familia ifanye nini?

Kwa ndugu na waumini: nendeni mkakae na wafiwa. Pikeni, chota maji, angalieni watoto waliobaki. Mtajeni marehemu kwa jina lake, hata kama alikuwa mchanga. Msiache kwenda baada ya matanga, kwani ndipo nyumba inapokuwa kimya.

Kwa wanandoa: baba na mama huenda wasiomboleze kwa namna moja. Mmoja hulia, mwingine hujizika kazini. Ukimya wa baba usichukuliwe kuwa hajali.

Kwa watoto: waambieni ukweli kwa lugha nyepesi. Mtoto akiambiwa kaka yake "amelala", anaweza kuogopa kulala. Akiambiwa "Mungu amemchukua kwa sababu anampenda", anaweza kuogopa kupendwa na Mungu.

Maombi na hospitali havipingani. Huzuni kali inayoendelea zaidi ya miezi sita na kumzuia mtu kufanya shughuli zake inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani kama tatizo linalohitaji msaada wa kitaalamu. Anayeshindwa kabisa kula au kulala kwa wiki kadhaa, au mama anayeshindwa kumhudumia mtoto mwingine, asisubiri muda huo. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu, au aulize ofisa ustawi wa jamii wa hospitali.

Anayesema anatamani kufa asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mchungaji au padri anaweza kumsindikiza.