Mwalimu wa Historia na Neno Kipande

Somo la Historia na Serikali katika shule za upili nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, yapo maneno ambayo vitabu vyenyewe havikuyatafsiri, na mojawapo ni kipande. Neno hili humkabili mwalimu mara mbili: darasani, kisha nyumbani kwake.

Darasani, mwalimu huandika ubaoni kwamba sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanafunzi hunakili. Aghalabu hutokea mmoja akauliza kwa nini watu walikichukia kipande, ilhali yeye anahesabu miezi iliyobaki apate chake. Swali hilo si la kipuuzi hata kidogo. Katika mazungumzo ya kila siku, kitambulisho cha taifa kingali kinaitwa kipande, na kijana aliyetimiza miaka 18 hukipokea kwa furaha. Fasili ya kamusi haimfai mwalimu hapa. Humlazimu aeleze kwamba kile cha kikoloni kilibeba alama za vidole pamoja na rekodi ya kazi na ujira. Kwamba kilitiwa ndani ya kikasha cha chuma kikaning'inizwa shingoni. Na kwamba kibarua aliyeondoka bila idhini ya mwajiri alisakwa kama mhalifu. Mzungu hakukivaa. Usajili wa watu wa rangi zote ulikuja mwaka 1947.

Kengele hulia maelezo hayajakamilika. Silabasi ni ndefu, na mtihani hudai hoja tano, wala si kisa.

Jioni mwalimu husahihisha madaftari mezani. Ikiwa anaishi na mzazi mkongwe, neno lilo hilo likitajwa huweza kuzua kimya, kisha masimulizi: jinsi baba alivyolitundika kasha lake ukutani kila usiku, na jinsi watoto walivyokatazwa kuligusa. Wakikuyu walikiita kipande mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Katika jina hilo mna hoja nzito kuliko zote tano, nayo haimo katika madaftari yaliyo mezani.

Mwalimu afanyeje? Kesho yake kuna mada mpya. Mwenye busara huiba dakika chache, akawataka wanafunzi waseme wazee wao walikiitaje. Majibu huja kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, na hapo ndipo tatizo huzuka, kwani katika baadhi ya shule mwanafunzi anayenaswa akizungumza lugha isiyo Kiingereza hukabidhiwa disiki. Kwingine disiki hiyo huvaliwa shingoni hadi anaswe mwingine. Mwanafunzi mwepesi wa fikira huuliza kama hicho nacho si kipande. Darasa hucheka, mwalimu, ambaye huenda ndiye mwalimu wa zamu wiki hiyo, hana budi kumjibu.