Weupe Si Uangavu: Istilahi za Kuondoa Rangi ya Nyuma katika Picha za Stika

Apitaye Nyahanga, kata iliyomo katika Manispaa ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, hakosi kuona stika: kwenye pikipiki, kwenye vioo vya mabasi, na milangoni mwa malori yaendayo Rwanda na Burundi. Mji huu umekua kwa biashara na kwa dhahabu. Mgodi wa Buzwagi, ulioanza kuzalisha mwaka 2009 na kusimamisha uzalishaji mwaka 2021, ulikuwa jirani yake, na ukanda wa wachimbaji wadogo unaendelea hadi Geita. Penye machimbo hapana budi kuwa na alama za hatari, na nyingi kati ya hizo nazo ni stika. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza kazi moja ya fundi wa stika na kuzipima istilahi zake, kwani mfasiri akikosea neno hapa, kosa lake hubandikwa mahali pa kusomwa na watu wote.

Kazi Yenyewe

Tuchukue mfano wa fundi aliyeletewa nembo ya chama cha akiba na mikopo, iliyochapwa kwa wino mweusi juu ya kadi nyekundu. Anatakiwa aichape nembo peke yake. Huiweka kadi katika skana na kuisoma kwa nukta 300 au 600 kwa inchi. Picha ipatikanayo imejengwa kwa mikondo mitatu ya rangi: nyekundu, kijani na buluu. Katika mkondo wa nyekundu, kadi nyekundu huonekana karibu nyeupe, ilhali wino mweusi hubaki mweusi. Fundi huuchukua mkondo huo pekee, kisha huweka kizingiti, yaani kiwango cha mwanga ambacho kila nukta inayokipita huondolewa na kila isiyokifikia hubakizwa.

Wanaogusa rangi moja na kuifuta hupata taabu. Rangi ya karatasi iliyopigwa skani haiwi moja kamwe. Mikunjo, nyuzi za karatasi na vivuli huifanya iwe rangi nyingi zinazokaribiana. Ndiyo maana utando mwekundu hubaki pembezoni mwa herufi.

Weupe na Uangavu

Maelekezo mengi humwambia fundi “afanye nyuma kuwe kweupe”. Juu ya karatasi nyeupe kosa hili halionekani, kwa kuwa mashine nyingi za kuchapa za ofisini hazina wino mweupe. Weupe wa picha ni weupe wa karatasi. Lakini picha hiyo ikiwekwa juu ya rangi nyingine, au ikichapwa kwenye plastiki angavu kwa mashine yenye wino mweupe, kisanduku cheupe hutokea kuizunguka nembo. Alichotaka mteja ni uangavu, yaani mahali pasipo rangi yoyote. Walimu wa sayansi wanalijua neno hili: kitu angavu ni kile kipitishacho nuru na kuonyesha kilicho nyuma yake. Muundo wa faili nao una sehemu yake. Muundo wa JPEG, uliosanifiwa mwaka 1992, hauhifadhi uangavu. Ule wa PNG, uliotolewa mwaka 1996, huuhifadhi.

Rangi Isiyopaswa Kuondolewa

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Kwa kanuni za Shirika la Viwango la Kimataifa, ISO, alama ya onyo ni pembetatu ya manjano yenye ukingo mweusi, na manjano hayo hayana budi kufunika angalau nusu ya eneo la alama. Sasa mtumishi akiandika katika agizo lake “ondoa rangi ya nyuma”, fundi mtiifu ataondoa manjano, na chombo cha sumu kitabandikwa fuvu jeusi lisilo na onyo la rangi. Katika ukanda huu, ambamo wachimbaji wadogo wametumia zebaki kukamatia dhahabu, hilo si jambo dogo. Rangi huonekana kwa mbali kabla ya maandishi kusomeka, na humfikia hata asiyejua kusoma.

Mapendekezo

Kwa kufuata desturi ya kutazama kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe kabla ya kukopa, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

1. Rangi ya karatasi: rangi ya kitu kilichochukua mchoro, isiyo sehemu ya mchoro. Hii huondolewa.
2. Rangi ya alama: rangi yenye maana katika alama. Hii huhifadhiwa.
3. Mandharinyuma: vitu vinavyoonekana nyuma ya mhusika katika picha, kama vile miti au nyumba. Neno hili lisitumiwe kwa rangi tupu.
4. Uangavu: hali ya kutokuwa na rangi, tofauti na weupe.
5. Kizingiti: kiwango kinachotenga kinachobaki na kinachoondolewa.
6. Stika: neno hili limekwisha kukubaliwa na watumiaji, wala hatuoni sababu ya kulifukuza.

Hivyo basi, badala ya “ondoa rangi ya nyuma”, mtumishi aandike: “Ondoa rangi ya karatasi, hifadhi rangi ya alama, na uache mahali palipoondolewa pawe angavu.” Sentensi ni ndefu zaidi, lakini haina njia mbili za kueleweka. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wayajaribu maneno haya mbele ya mafundi wenyewe, kisha watuarifu ni yapi yaliyoeleweka bila kufafanuliwa na ni yapi yaliyokwama.