Kukunja uso si kununa

Miaka thelathini na ushei iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa uzamifu katika chuo kikuu kimoja nchini Marekani, nilipewa kazi ya kuwafundisha Kiswahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwishoni mwa muhula walijaza fomu za kunitathmini. Wengi walinisifu. Lakini watatu, kila mmoja kivyake, waliandika kwamba mwalimu huonekana amekasirika. Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimeyafurahia mno madarasa yale! Nilichokifanya mbele yao ni kile ninachokifanya hadi leo ninapotafakari: kukunja uso. Nyumbani kwetu mama akiniona hivyo alikuwa akiwaambia ndugu zangu, "Mwacheni huyo, anafikiri."

Kisa hicho kilinirudia majuzi msomaji mmoja aliponiuliza tuiiteje kwa Kiswahili ile tabia ya kumpendelea au kumdunisha mtu pasi na wewe mwenyewe kujua kwamba unafanya hivyo. Wapo wanaosema "upendeleo usiofahamika". Neno upendeleo linanikwaza kidogo. Shina lake ni penda, na Mkenya wa kawaida akilisikia humfikiria chifu aliyempa mpwa wake basari. Ubaguzi nalo ni zito, kwa kuwa humtia mtu hatiani kana kwamba alikusudia. Mimi nimeamua kutumia mwegemeo fiche. Mti ulioegemea upande mmoja hauna nia mbaya na yeyote, ila siku ukianguka, ole wake aliyejenga upande huo.

Sasa tuangalie wanasaikolojia walichokiona. Mwaka 2003, Kurt Hugenberg na Galen Bodenhausen walichapisha utafiti ambao mimi huupenda kwa usahili wake. Waliwaonyesha Wamarekani weupe filamu fupi za nyuso zilizoundwa kwa kompyuta. Uso ulianza ukiwa na hasira, kisha ukakunjuka polepole hadi ukatabasamu. Kazi ya mtazamaji ilikuwa kuonyesha ni wakati gani hasira ile imetoweka. Nyuso nyingine zilikuwa za watu weusi, nyingine za weupe.

Watazamaji hao walipimwa pia kwa jaribio ambalo Anthony Greenwald na wenzake walikuwa wamelitangaza mwaka 1998. Katika jaribio hilo mtu huoanisha makundi ya watu na maneno mazuri au mabaya kwenye kompyuta, na kinachopimwa ni kasi ya vidole vyake. Waliokuwa wepesi kuoanisha weusi na ubaya ndio walioendelea kuiona hasira katika nyuso nyeusi hata ilipokuwa imeanza kufifia. Filamu zilipogeuzwa, uso ukatoka kwenye tabasamu kuelekea hasira, watu wenye wepesi wa namna hiyo waliiona hasira ikija mapema zaidi kwenye uso mweusi. Na hapa ndipo penye uzito: maoni waliyoyaeleza waziwazi kwenye hojaji kuhusu watu weusi hayakutabiri lolote katika hayo. Mtu angeweza kuapa kwa dhati kwamba habagui, na macho yake yakatoa ushahidi mwingine.

Nisikufiche, msomaji wangu, jaribio hilo la vidole limezua ubishi mkubwa. Mtu huyo huyo akilirudia baada ya majuma kadhaa anaweza kupata matokeo tofauti, na ni vigumu kulitumia kutabiri mtu fulani atatenda nini kesho. Kwa hiyo sikubaliani na waajiri wanaolitumia kama kipimo cha malaria.

Mwegemeo pia si jambo la Mzungu na Mweusi peke yao. Hillary Elfenbein na Nalini Ambady walikusanya tafiti nyingi kutoka mataifa mbalimbali na kuzichambua pamoja mwaka 2002. Walibaini kwamba binadamu huweza kuisoma furaha au huzuni kwenye uso wa mgeni, lakini huisoma vizuri zaidi kwenye uso wa mtu wa kundi lake. Pengo hilo hupungua pale makundi yanapokuwa yamezoeana.

Lugha yetu ina msaada wake hapa, tukiisikiliza. Kukunja ni kitendo cha ngozi: jua kali hukunja uso, maumivu hukunja uso, hesabu ngumu pia. Kununa ni hukumu ya anayetazama. Wanafunzi wangu kule Marekani waliona kukunja, wakasoma kununa. Hata vijana wetu wakinong'onezana "leo mwalimu amekunja", nani huuliza amekunjia nini?

Nami sikuponea hapo. Miaka kadhaa iliyopita nilimfundisha Kiswahili binti mmoja kutoka China hapa Nairobi. Kila nilipomkosoa matamshi ya "r" na "l", alitabasamu. Nilisema moyoni, huyu ananidharau. Siku ya mtihani wa mazungumzo alitabasamu tangu mwanzo hadi mwisho, nami nikampa alama 8 kati ya 20. Mwenzangu mmoja aliyeishi Beijing kwa muda mrefu ndiye aliyeniambia, tukinywa chai, kwamba huenda tabasamu lile lilikuwa aibu tupu. Kumbe! Kana kwamba kwetu hakuna kicheko cha aibu.

Nilirudi ofisini nikasikiliza kanda ya mtihani wake, safari hii bila uso mbele yangu. Alijibu maswali yote. Alikwama kwenye ngeli mara mbili tatu, kama wanavyokwama wenzake waliozaliwa hapa hapa. Nikabadilisha alama zikawa 13. Nilitaka kuzisikiliza pia kanda za wanafunzi wa kigeni niliowatahini miaka iliyotangulia, lakini zilikuwa zimekwisha kufutwa.